Mubirizi, Mayai na Jicho la Mama Mkwe

Moyo ule ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, na ulikuwa unapiga. Nilikuwa nimekata kidirisha kwenye ganda la yai lililokaa siku tatu katika kuvezi, ile mashine ya kuatamisha mayai, nikainama na tochi, nikaona juu ya kiini cha manjano kitone chekundu kikijikunja na kujikunjua. Kutoka kwake nyuzi nyekundu zilitambaa kila upande, nyembamba hata nikaogopa kupumua. Kwa miaka kumi na moja nimefundisha biolojia katika sekondari moja hapa Goma. Nimechora moyo ubaoni mara nyingi, kwa chaki nyekundu na ya buluu, na wanafunzi wamenakili. Siku ile niliona aibu kidogo, kwa sababu nilielewa kwamba kumbe nilikuwa ninachora kitu ambacho sijawahi kukutana nacho.

Yai lilikuwa la kuku wa mama mkwe wangu. Bila yeye kazi ile isingeanza, kwa hiyo afadhali nianze naye.

Mama mkwe ni mkulima wa Kibumba, mlimani juu ya mji wetu, wa viazi na maharage na kabichi. Vita vilipofika kwenye shamba lake alishuka kwa miguu pamoja na majirani, akakaa wiki kadhaa katika kambi ya Kanyaruchinya chini ya hema la plastiki, mpaka mume wangu alipokwenda kumchukua na kumleta nyumbani kwetu, mtaa wa Katindo. Alifika na kikapu chenye mitetea wanne na jogoo mmoja, na gunia dogo la majani makavu ya mubirizi, kile kichaka kichungu cha dawa. Vingine vyote alikuwa ameviacha. Wiki iliyofuata mume wangu alirudi kazini Beni, tukabaki wawili.

Mimi ni Mnande wa Butembo, yeye ni wa wasemao Kinyarwanda, na watu wetu hawaaminiani. Kabla ya ndoa yetu pande zote mbili zilikuwa zimekaa vikao virefu ambavyo mimi sikuitwa. Kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa cha adabu tu: umeamukaje, chakula iko tayari, aksanti. Asubuhi nilikwenda shuleni, mchana nilikwenda chuo kikuu ambako nilikuwa namalizia masomo yangu ya juu, na jioni nilimkuta ameketi uani kwenye jiwe la lava, kikombe cha mubirizi mkononi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Vidonge alivyopewa na nesi alivimeza, lakini imani yake ilikuwa kwenye yale majani. Aliyachemsha mpaka maji yakawa meusi. Niliwahi kuonja, uchungu ukakaa ulimini mpaka kesho yake.

Kwamba macho yake yanaharibika niligundua kupitia maharage. Siku zote alikuwa anachambua maharage vizuri kuliko mimi. Jioni moja niliuma jiwe, nikatema, nikauma jingine. Yeye akaweka kijiko chini.

"Ni miye," akasema. "Mawe siyaonake tena. Kuna nzi nyeusi zinapita-pita mbele ya macho, na ukifukuza haziendake."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu kule kwenye hema. Sikutaka kusumbua mutu."

Mguuni pia alikuwa na kidonda, juu ya kisigino, kilichotokana na kiatu cha safari ile ya kushuka. Kilikataa kupona.

Wakati huohuo chuoni nilikuwa natafuta somo la utafiti wangu. Profesa aliyenisimamia alikuwa mzee mpole mwenye koti jeupe lililochoka, na aliamini kwamba mtu akishindwa kueleza jambo kwa karatasi na mkasi hajalielewa. Nilimwambia juu ya macho ya mama mkwe. Akauliza maswali mengi, kisha akachukua karatasi ndefu akaandika juu yake maneno matatu, yakifuatana: MISHIPA. JENGA. TULIA.

"Hii ni jeni moja," akasema. "Kila seli iko nayo. Lakini seli haisomi karatasi nzima. Inatoa nakala, inakata, inaunganisha."

Akakata baada ya neno JENGA, akatupa kipande cha mwisho. Ikabaki MISHIPA JENGA. Kisha akaandika karatasi nyingine kama ile, akakata neno la katikati tu, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Ikabaki MISHIPA TULIA.

"Jeni moja, mwanzo mmoja, mwisho tofauti. Ujumbe wa kwanza unaita mishipa mipya ya damu. Wa pili unaizuia. Katika jicho lenye afya hizi mbili zinapimana. Sukari ikiharibu mishipa ya zamani, jicho linakosa hewa, linaanza kupiga kelele: jenga, jenga. Mishipa inakuja ovyo, ni dhaifu, inapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hao ndio nzi weusi wa mama yako."

"Na mkasi unashikwa na nani?" nikauliza.

Alicheka kwa furaha. "Hapo ndipo mimi sijawahi kuzoea. Mkasi wenyewe ni mashine ya protini na vipande vya RNA, ndogo mno. Na kuna vitu vya asili vinavyougusa. Vingine vimetoka kwa bakteria wa udongo, udongo wa kawaida huu tunaokanyaga. Vingine watu wanavitafuta kwenye mimea, kwenye majani ya chai, kwenye manjano ya jikoni. Kidogo tu, na seli inakata mahali pengine."

Nilitoka nikiwa na vile vipande viwili mfukoni. Njia nzima, nyuma ya pikipiki, niliangalia vumbi jeusi la barabara na bustani ndogo za watu kati ya mawe, nikafikiri: ndani ya hivi vyote kuna mikono inayoweza kugusa mkasi ule. Nilijisikia kama mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba, kisha leo anaonyeshwa mlango ambao hajawahi kuufungua.

Mashine ya kusoma nakala za jeni hatukuwa nayo. Lakini mishipa yenyewe tungeweza kuiona, profesa alisema, kwa yai la kuku. Yai lenye kiinitete linajenga mishipa kwa kasi kubwa kwenye utando chini ya ganda. Unaweka juu ya utando kipande cha karatasi kilicholowa dawa unayoichunguza, kisha unaangalia kama mishipa inakuja au inakwepa. Sharti moja: mayai ya dukani hayafai, kwa kuwa hayajaona jogoo.

Jioni hiyo nilikaa karibu na mama mkwe uani. Kuku walikuwa wanaparua chini ya ukuta.

"Mama, naomba mayai. Na naomba majani yako ya mubirizi."

Alinigeukia. "Mayai ya kukula?"

"Ya masomo. Nataka kuona kama mubirizi inafanya kitu kwa mishipa ya damu. Ni ile mishipa yenye inaharibu macho yako."

"Na kale katoto kenye kako ndani?"

Sikutaka kumdanganya. "Hakatafika kuanguliwa, Mama."

Mama mkwe alimsogeza kwa mguu, taratibu, jogoo aliyepita mbele yake.

"Hii kuku nilibeba kutoka Kibumba ju ya kuzaa, haiko ju ya kuchezea," akasema. "Lakini wewe ni mutu ya masomo, na unaniambia ukweli. Chukua. Kitu moja tu: na miye nitaona."

Ndivyo alivyokuja chuoni. Nilimpandisha pikipiki siku niliyokata madirisha ya kwanza, na moyo ule niliousimulia mwanzoni tuliuona pamoja. Yeye alisogeza uso mpaka pua ikagusa ganda. Nilimshikia tochi. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshaingia ukungu, akatumia la kushoto.

"Inapiga," akanong'ona kwa Kinyarwanda, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nielewe. "Inapiga, mukazana wangu. Siku tatu tu!"

Alikuwa hajawahi kuniita mukazana, yaani mke wa mwanawe, na kuongeza *wangu*.

Siku ya sita umeme ulikatika saa saba mchana. Jenereta ya chuo haikuwa na mafuta. Kuvezi ilianza kupoa, na profesa alikuwa safarini. Nilifunga mayai kumi na nane, madirisha yake yakiwa yamezibwa kwa utepe, kwenye kitenge, nikayaweka ndani ya beseni lenye blanketi, nikamwambia mwenye pikipiki aende polepole kuliko alivyowahi kwenda maishani mwake. Barabara za mtaa wetu ni mawe ya lava. Kila aliporuka jiwe nililikumbatia beseni.

Mama mkwe alikutana nami mlangoni. Nilimweleza kwa ufupi. Aliwasha makaa, akachemsha maji, akajaza chupa za plastiki, akazizungusha kwenye beseni. Kisha akaingiza mkono wake chini ya blanketi na kuuacha humo. Mimi nilikuwa na kipimajoto cha maabara. Kila nilipokisoma na kusema namba, yeye alikuwa ameshajua.

"Iko baridi kidogo upande huu," alisema, na kipimajoto kilimuunga mkono. "Ondoa chupa moja, moto inakuwa mingi." Kilimuunga mkono tena.

Tulikaa hivyo mpaka jioni, magoti yetu yakigusana. Alinihadithia namna anavyowatazama kuku wakiatamia, namna wanavyogeuza mayai kwa mdomo, namna mtetea mmoja alivyokataa kuinuka hata wakati risasi zilipolia, ndiyo maana alimbeba kwanza. Umeme uliporudi, hakuna yai hata moja lililokuwa limekufa. Profesa alipopata habari alisema katika maabara za mbali wana mashine za gharama za kufanya kazi ile ile ya mkono wa mama huyu.

Siku ya nane niliweka vipande vya karatasi vilivyolowa juu ya utando. Mayai sita yalipata maji matupu, sita mubirizi hafifu, sita mubirizi mkali kama ule anaokunywa mama mkwe. Siku ya kumi nilifungua.

Kwenye mayai ya maji, mishipa ilikuwa imepita chini ya karatasi bila kujali, ikigawanyika na kugawanyika tena, mpaka matawi ya mwisho yakawa kama pumzi tu ya rangi nyekundu. Kwenye mubirizi hafifu niliangalia kwa hadubini mara tatu, nikamwita profesa aangalie. Katika manne kati ya sita mishipa ilikuwa imekuja mpaka karibu na karatasi, halafu ikapinda. Kuizunguka karatasi kulikuwa na uwanja mweupe, mtulivu, na moyo uliendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Jani lile linaota kwenye ua wa kila mtu Kivu. Mbuzi wanalila. Na ndani yake kulikuwa na kitu kilichoifanya damu igeuze njia.

Profesa aliweka mkono begani mwangu. "Tumeona mishipa," akasema. "Mkasi hatujauona. Huenda ni mkasi, huenda ni jambo lingine kabisa. Na mayai sita ni mayai sita. Sasa fungua yale mengine."

Nilifungua ya mubirizi mkali. Matano kati ya sita yalikuwa yamekufa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe na kikombe chake. Kwa mara ya kwanza nilikitoa mkononi mwake bila kuomba ruhusa. Mkwe hafanyi hivyo. Nilipiga magoti ili isiwe dharau, nikamweleza kila kitu: uwanja mweupe, na mayai matano.

"Yai si mutu," akasema.

"Ni kweli, Mama. Huenda mwilini mwako haifanyi vile. Sijui. Lakini kama inafukuza mishipa machoni, inaweza kuifukuza pia mguuni. Kisigino chako kinahitaji mishipa mipya ili kipone. Machoni inakuja bila kuitwa, na mguuni tunaiita haiji. Mwili ni mmoja, na dawa ukimeza inakwenda kote."

Aliinua kisigino chake akakitazama, ingawa sijui alikiona kwa kiasi gani. "Sasa Mungu alifanya hii mwili kwa hesabu ya namna gani?" akauliza. Hakuwa analalamika. Alikuwa anashangaa kweli, na mimi nilikuwa nashangaa naye, sote wawili tukitazama kidonda kidogo kama ukucha ambacho kilikuwa kinasubiri nyuzi zisizoonekana.

Siku nne baadaye, asubuhi, aliniita kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja umefunika jicho la kushoto.

"Nikiangalia na hii ya kulia, unapotea," akasema. "Kuna mvua nyeusi. Inanyesha ndani."

Tulikwenda kliniki ya macho. Nilijilaumu njia nzima. Nilikuwa nimehesabu mishipa ya mayai ya kuku wakati ya kwake ilikuwa inapasuka chumba cha pili. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka ya watu wenye foleni ndefu, alimtia matone, akasubiri mboni zipanuke, akamweka kidevu kwenye mashine. Picha ya jicho la kulia ilikuwa giza tupu, damu. Ya kushoto ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, na mimi nikasogea karibu.

Ilikuwa yai langu. Duara la rangi ya chungwa, na juu yake matawi mekundu yakigawanyika na kugawanyika. Pembeni kulikuwa na kichaka cha nyuzi zilizojisokota ovyo, na daktari aliweka kidole hapo hapo.

"Hii haikupaswa kuwepo," akasema. "Tutachoma laser, na tutapiga sindano. Dawa inakamata ujumbe unaoita mishipa hii. Inaufunga kabla haujafika."

"Ujumbe wa *jenga*," nikasema.

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Unaujua?"

Niliujua kwa karatasi na mkasi, na kwa mayai ya kuku. Sikutegemea kukuta dawa ya kuukamata katika chupa yake, ndogo kuliko kidole gumba, ndani ya friji ya kliniki, mtaa wa tatu kutoka shuleni kwangu.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza upande mwingine. "Sindano inapigwa wapi?" akauliza.

"Ndani ya jicho, mama."

"Ndani ya nini?"

Alisimama achukue kikoi chake. Nilimshika mkono, nikamwambia nitakuwa hapo, nitamshika hivyo hivyo mpaka mwisho. Akafikiri. "Mkono wangu ulikaa na mayai yako saa mingapi?" akauliza.

"Karibu saa sita, Mama."

"Basi na wewe shika."

Nilishika. Daktari alimwambia atazame juu, na kabla hajamaliza kusali kazi ilikuwa imekwisha.

Jicho la kulia halikurudi. Lilikuwa limechelewa sana, na bado naibeba sehemu yangu ya kosa hilo. La kushoto lilipata laser na sindano tatu katika miezi mitatu. Sukari yake ilianza kupimwa kila wiki badala ya kukisiwa. Mubirizi aliuacha, si kwa hasira. Aliniambia tu kwamba kitu chenye nguvu hivyo kinahitaji mtu anayejua kipimo, na mimi bado sijakijua. Kidonda kilijifunga polepole kutoka kingoni. Kila Jumapili nilikisafisha, na siku nilipoona rangi ya waridi katikati yake nilikisogezea tochi, kwa sababu nilijua nini kilikuwa kimefika pale.

Utafiti wangu niliutetea mbele ya jopo mwezi uliofuata. Mmoja wao aliniuliza kama nimepata dawa. Nilijibu kwamba nimepata swali, na kwamba vichupa vyangu vya mubirizi vimekwenda katika chuo kingine chenye mashine ya kusoma nakala, watuambie kama mkasi uliguswa. Majibu hayajaja. Sina haraka. Tangu hapo nikiingia darasani naanza na yai na tochi kabla ya chaki, na vijana hamsini huacha viti vyao kuja kuona.

Asubuhi moja, wiki chache baada ya sindano ya tatu, nilikuwa natoka kwenda shuleni, begi begani. Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharage. Mawe yalikuwa rundo dogo pembeni.

"Ngoja," akasema.

Nikasimama mlangoni, mwanga ukiniangukia usoni. Alinitazama kwa lile jicho moja, taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, kama mtu anayesoma barua. Nilianza kutabasamu. Nilifikiri atasema aksanti, au atamtaja Mungu.

"Umekonda," akasema. "Tangu nifike hapa sijakuona vizuri, ndio nakuona leo. Masomo inakukula. Rudi, ikala, ukule kwanza."

Nikarudi, nikakaa, nikala.